Ukiwa transiti ule wapi: launji ya shirika, launji ya kadi, au mgahawani?

Naandika hii kwa wenzangu tunaofuata mzigo, wa Kariakoo, wa Eastleigh, wa Kikuubo, na yeyote anayepanda ndege mara nne tano kwa mwaka afu anakaa transiti, anangoja ndege ya kuunganisha, masaa sita anaangalia ubao wa ndege. Swali naloulizwa sana ni moja tu, nilipie launji (ule ukumbi wa kupumzika na kula pale uwanja wa ndege), nitumie kadi ya benki, niongeze hela nikate tiketi ya bizinesi, au nikae zangu getini ninunue chakula? Miaka minane nyuma jibu lilikuwa jepesi, nilikuwa namwambia mtu ingia launji, utakula ushibe, utaoga, utachaji simu, hela yako imerudi. Siku hizi siwezi kumjibu hivyo kabla sijamuuliza launji ipi na anafika saa ngapi, maana chakula kimeshuka jamani, kwingine kimeshuka vibaya, na tunalipa hela ileile au zaidi.

Mwaka jana nikiwa natoka Guangzhou niliingia launji moja ya kulipia, ya zile zinazopokea kadi zote, uwanja wenyewe siutaji. Mlangoni foleni ya nusu saa. Ndani wali umekauka juu mpaka umeshikana, supu ni ya pakiti imechanganywa na maji mengi, sandwichi zimejikunja pembeni kama kiatu kilichopigwa jua, kachumbari ni matango matupu, na juisi inatoka kwenye mashine rangi ya chungwa lakini chungwa lenyewe hulisikii. Sasa launji hiyohiyo 2017 nilikula samaki wa kuoka, na kulikuwa na mama mmoja kasimama na kikaango chake anakukaangia mayai unavyotaka, na kitunguu, na pilipili hoho. Nilimtafuta kwa macho yule mama. Pale alipokuwa anasimama wameweka mashine ya pili ya kahawa.

Iliniuma, nikaanza kufuatilia inakuwaje mpaka inafika hapo, na nikishaeleza hili utaona kwanini nachagua ninavyochagua.

Launji ya kadi hailipwi na wewe moja kwa moja. Kampuni ya kadi ndo inailipa, kiasi fulani kwa kila kichwa kinachopita mlangoni, kimeshakubaliwa kwenye mkataba. Kwahiyo faida ya mwenye launji ni kile kinachobaki ukishakula, ukila kidogo kapata zaidi, ukila samaki kapata kidogo. Priority Pass, ambayo ni kadi ya kuingilia launji, imeanza 1992 na kwa muda mrefu kadi ya launji ilikuwa ya watu wachache wa safari za kikazi, lakini sasa mabenki yanaiweka kama zawadi kwenye kadi zao za juu, iwe Priority Pass yenyewe au LoungeKey au DragonPass, wanaoingia wamekuwa wengi na viti ni vilevile. Hata wakubwa yamewashinda. Kule Marekani shirika la Delta walitangaza 2023 kwamba wanabana kuingia kwenye launji zao za Sky Club kwa wenye kadi za American Express, abiria wakapiga kelele mpaka bosi wao Ed Bastian akakiri wamekwenda mbali mno, wakalegeza kidogo, lakini kuanzia Februari 2025 mwenye kadi ya Platinum kawekewa mara 10 tu kwa mwaka. Hilo ni shirika lenye launji zake lenyewe, kwenye viwanja vya nyumbani kwake, na bado umati umelizidi.

Afu ikaja korona. Mabafe yakafungwa kila mahali, British Airways 2020 wakaanzisha kuagiza chakula kwa kuskani kwa simu alama ya QR iliyobandikwa kwenye meza, wengine wakaanza kugawa vya kwenye vifuko. Mi nilijua hali ikitulia chakula kitarudi kilivyokuwa. Bafe imerudi, ila launji nyingi za kulipia nilizopita zimerudi na trei chache na wapishi wachache zaidi.

Haya tuanze kulinganisha, na naanza na zilizoshika vizuri.

Launji ya shirika ikiwa nyumbani kwake, yaani Turkish ukiwa Istanbul, Ethiopian ukiwa Addis, Qatar ukiwa Doha, Emirates ukiwa Dubai. Hapa bado unakula. Sababu si ukarimu peke yake, ni kwamba jiko liko palepale, Emirates wana Emirates Flight Catering, Turkish wana Turkish DO & CO, majiko yanayopika maelfu ya sahani kwa siku kwa ajili ya ndege, kwahiyo kupeleka trei nyingine launji si kazi kubwa. Na kuna lingine naliona kubwa zaidi, hapo aibu ni ya shirika lenyewe. Abiria wa bizinesi kalipa mamilioni, akila wali mkavu nyumbani kwako safari ijayo anahamia kwa jirani, na jirani hayuko mbali.

Kati ya hizo, kwa chakula mi naiweka Istanbul mbele. Mpishi kasimama mbele yako, anatoa pide (mkate bapa wenye vitu juu) kwenye oveni, kuna simit, mkate wa duara wa ufuta, kuna mama anasukuma gözleme, kama chapati iliyojazwa, kuna supu ya dengu ya moto kweli, zeituni za aina aina, baklava, na chai yao kwenye vile vikombe vidogo. Mtu wa pwani hapo hapati shida, ni chakula anachokielewa, mkate na mchuzi na kitu kitamu na chai. Na unaona kinapikwa, hilo kwangu ni nusu ya imani.

Addis ina kitu ambacho wengine hawana, inakulisha chakula cha kwao. Injera, ule mkate wao mlaini wa duara, shiro ambayo ni mchuzi wa unga wa kunde, dengu, na kahawa inayochomwa na kumiminwa kutoka kwenye jebena, birika lao la udongo, kwa utaratibu wao wenyewe. Ukipita Jumatano au Ijumaa ujue ni siku za kufunga kwa Waorthodoksi, kwahiyo utakuta vya dengu na mbogamboga vingi, na kwa kweli vya siku hizo ndo vitamu zaidi. Shida ya Addis ni muda. Ndege zao zinakuja kwa mawimbi, asubuhi zinaondoka za kwenda Afrika, usiku zinaondoka za Ulaya na Asia, kwahiyo masaa hayo launji inajaa na trei zinaisha haraka. Ukiwa na transiti ndefu kula katikati ya mawimbi, usingoje dakika za mwisho kama wenzako wote.

Doha na Dubai kwa ukubwa na kung'aa hazina mpinzani. Al Mourjan ya Doha ni kama ukumbi wa hoteli, na 2023 wakaongeza nyingine yenye bustani. Ile ya Emirates kule Dubai kwenye jengo la Concourse A imelala urefu wa jengo zima na unaingia kwenye ndege moja kwa moja ukitokea humo. Chakula kipo, kingi, na chote ni halali, hilo kwa wengi wetu ni jambo la kwanza kabisa. Lakini shika hapa maana watu wanaumia: tiketi ya bizinesi ya bei ya chini siku hizi inaweza isiwe na launji. Emirates walianza 2019 na nauli yao ya Special, Qatar wakafuata 2020 na Business Lite, unakaa kiti cha bizinesi ila launji huingii mpaka ulipie. Mtu anajibana anakata bizinesi mara moja kwenye maisha yake, anafika Doha anaambiwa tiketi yako haina. Soma masharti kabla hujalipa, yanakuwepo, ni kwamba yameandikwa chini.

Muscat naitaja kwa ajili ya wenye ndugu huko, kahawa ya hiliki na tende ukikaribishwa nazo baada ya usiku mzima angani zinakutuliza, hata kama huli kitu kingine.

Sasa nenda upande wa pili, launji ya shirika ikiwa si nyumbani kwake. Hapa watu wengi wanadanganyika na jina la shirika kwenye tiketi. Unakata bizinesi ya shirika kubwa la Ghuba, unajua utalishwa kama Ghuba, kumbe Dar au Entebbe au Kigali shirika halina launji yake, linakodi nafasi kwenye launji ya pamoja na kulipa kwa kichwa, hesabu ileile ya kadi. Kwahiyo ukiwa unaanza safari usiende na njaa kwa kutegemea launji, kula nyumbani, launji ya uwanja wa kuanzia itumie kwa kukaa na wai-fai. Na ukikaa unafikiria kuongeza hela ya bizinesi kwa sababu ya launji, hesabu launji ya kituo cha kati tu, ile ya mwanzo iweke sifuri kwenye hesabu yako.

Launji ya kadi nayo naomba tuipigie hesabu vizuri maana ndo inayotuhusu wengi. Chukua bei za Priority Pass za Marekani: ile ya chini ni dola 99 kwa mwaka, afu kila ukiingia unakatwa dola 35. Mtu wa safari nne kwenda na kurudi, ukiingia mara moja kila upande ni mara nane, 99 jumlisha 280 inakuwa 379, gawa kwa nane ni kama dola 47 kila unapoingia. Ile ya kati ni dola 329 na unapata mara 10 bure, ukizitumia zote ni kama dola 33 kwa mara. Sasa jiulize, kile kilichokuwa kwenye ile trei ya wali mkavu ni cha dola 47? Mlo wa moto mgahawani uwanjani huwa natumia dola 15 mpaka 20, na nimeagiza mimi, umekuja unatoa mvuke. Kama kadi umepewa na benki bila kuilipia, hapo itumie bila kinyongo, ila uliza mambo mawili benki kabla hujasafiri, unaruhusiwa mara ngapi kwa mwaka na mtu wa pili anakatwa kiasi gani. Jamaa yangu aliingia na mke na mtoto, akajua wote wamo, mwezi uliofuata akakuta makato ya watu wawili kwenye akaunti yake na hakuna aliyemwambia mlangoni.

Na ndugu zangu msiokunywa pombe, hili nalisema kwa msisitizo. Sehemu kubwa ya kinachofanya launji ionekane rahisi ni baa. Mtu akinywa glasi tatu za mvinyo kwa bei za uwanja wa ndege kesharudisha hela yake, kwahiyo anasema launji inalipa, na kwake ni kweli. Wewe unayekunywa maji na juisi unalipa kiingilio kilekile, na juisi ndo kitu cha kwanza walichokishusha, ya matunda imeondoka imekuja ya mashine. Kwahiyo ukisoma sifa za launji angalia anayesifia alikuwa anakunywa nini. Kwetu sisi launji nzuri ni yenye chai ya maana, kahawa ya mtu aliyesimama anatengeneza, matunda yaliyokatwa leo, chakula halali ambacho kimeandikwa au mhudumu anaweza kukuthibitishia, na sehemu ya kuswalia isiyo mbali. Ukizipima kwa hivyo, za Ghuba na Istanbul zinapanda juu na nyingi za kulipia zinaanguka.

Haya, mgahawa na chakula cha kubeba. Nairobi kwa mfano mgahawa wa Java upo uwanjani, unajua kabisa utapata nini na kahawa yao unaijua tangu mjini, kwa transiti ya masaa mawili matatu mi nakaa hapo bila kuwaza. Chakula cha kubeba watu wanakionea aibu bila sababu. Kikavu kinapita ukaguzi, chapati, mayai ya kuchemsha, sambusa, korosho, kashata. Kinachokamatwa kwenye viwanja vingi ni cha majimaji kuzidi mililita 100, kwahiyo mchuzi na maharage ya nazi uache nyumbani, na uhakikishe vyote vyenye nyama au maziwa vimeisha kabla hujashuka Ulaya au Marekani maana forodha hawaruhusu. Mi nabeba chapati nne na mayai manne kila safari, na kuna usiku kwenye uwanja ambao kila kitu kimefungwa chapati hizo zimeniokoa.

Kuna njia ya tano ambayo wengi hawaiulizi kabisa, chakula unachostahili bure. Turkish wana Touristanbul, ukiwa na transiti ya kati ya masaa 6 na 24 wanakutembeza mjini na chakula kimo, bure, hata tiketi iwe ya ikonomi, ila angalia kwanza kama pasipoti yako inahitaji viza ya kutoka nje ya uwanja. Ethiopian wanatoa hoteli na chakula kwa wenye transiti ndefu, kuanzia masaa kama 8, pale ambapo hapakuwa na ndege ya karibu zaidi, usikae kimya kwenye kiti, nenda dawati la transiti uulize. Na ndege inayoondokea Ulaya ikichelewa kuanzia masaa mawili mpaka manne kutegemea umbali, sheria ya Umoja wa Ulaya namba 261 ya 2004 inalidai shirika likupe chakula na kinywaji. Nimeona watu wanalipa launji kwa hela yao huku vocha ya chakula ilikuwa inawasubiri kaunta.

Basi unachagua vipi. Una masaa chini ya matatu, usilipie launji yoyote, foleni ya mlangoni na kutembea vitakula saa nzima. Una masaa manne mpaka saba na tiketi yako au daraja lako la maili (pointi unazokusanya kwa kusafiri) linakuingiza launji ya shirika nyumbani kwake, ingia na ule humo, na jaribu kula vizuri chini maana angani ulimi unapoteza makali, Lufthansa waliwapa watafiti wa taasisi ya Fraunhofer ya Ujerumani kazi hiyo ikaonekana 2010 kwamba kwenye hewa ya ndege chumvi na sukari unazisikia kidogo kuliko ukiwa chini. Hapo hata wa ikonomi anapata, ukikusanya maili kwenye programu moja mpaka daraja la dhahabu la Star Alliance, muungano wa mashirika ya ndege ambao Ethiopian na Turkish zote zimo, na sisi wa mzigo tunafika tukiacha kutawanya safari kwa mashirika matano tofauti. Mi naona hiyo ndo hela bora kuliko kadi yoyote, na hailipiwi mlangoni. Una masaa hayohayo ila una kadi tu, ingia kwa ajili ya bafu na kiti na soketi, chakula kiangalie kwanza kabla hujaamua kushiba hapo. Zaidi ya masaa nane, launji isahau, dai hoteli au toka nje.

Ukiwa na watoto mahesabu yanabadilika kidogo. Mtoto hataki mvinyo wala pide, anataka choo kisafi na mahali pa kulala, kwahiyo launji hata ya chakula kibaya inaweza kukufaa, beba tu chakula chake.

Namna ya kuiangalia launji kabla hujakatwa: tafuta picha walizopiga wasafiri miezi miwili mitatu iliyopita, za launji yenyewe zilipigwa siku ya ufunguzi. Mlangoni muombe mhudumu uchungulie bafe, wengi wanakubali. Funua mfuniko, chakula cha moto kinatakiwa kitoe mvuke, Shirika la Afya Duniani linasema kikae juu ya nyuzi 60 na kilichopikwa kisizidi masaa mawili kwenye joto la kawaida. Wali wa vuguvugu usiuguse hata kidogo, unaharibika kimya kimya bila harufu, na saladi za mayonezi ziache. Kwenye bafe mbovu mi nakula supu kama inachemka, mayai ya kuchemsha yenye ganda, yogati iliyofungwa, mkate na tunda la kumenya mwenyewe.

Na ukikuta kibaya sema. Si kwa yule dada wa trei, yeye hajapanga kitu na mara nyingi yuko peke yake kwenye shifti ya watu watatu. Piga picha ya chakula, andika tarehe na saa, tuma kwa benki au kampuni iliyokupa kadi, maana wao ndo wanaolipa kwa kichwa na wao ndo wenye nguvu ya kuuliza kwenye mkataba. Ile picha ya wali niliituma. Baada ya wiki mbili wakaniandikia, wakanirudishia ile mara moja kwenye kadi, na wakauliza kama nina picha nyingine za launji hiyo.